Haki za Wenye Ulemavu Katika Mashamba ya Maua

Watu wa Takawiri, kisiwa kilicho katika Ziwa Viktoria karibu na Mfangano, hujipatia riziki hasa kwa uvuvi. Lakini si kila mtu aweza kuvuta nyavu, na nchini Kenya kazi ya mshahara hupatikana pia katika mashamba makubwa ya maua na mboga, kama yale ya Naivasha. Yafaa kila mwenye ulemavu atakaye kwenda huko aijue sheria kabla ya kufika langoni.

Kazi za mashamba hayo ni za namna nyingi. Asiyesikia aweza kupanga mawaridi kwa urefu wa shina. Asiyeweza kusimama sana aweza kuketi akafunga mashada. Kwa hiyo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu, katika kuandika kazi, kufundisha, kupandisha cheo au kuachisha. Yaamuru pia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mwajiri aweza kumkataa mtu ikiwa tu kazi yenyewe, kwa asili yake, yadai jambo asiloliweza. Na shauri likifika mbele ya hakimu, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua.

Tena, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau nafasi 5 katika kila 100 kwa ajili yao.

Je, mtu akipatwa na ulemavu kazini, tuseme amekatwa vidole, itakuwaje? Asikubali kurudi nyumbani kimya kimya. Amwarifu msimamizi mara moja, na dai la fidia lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Kumwachisha mtu kwa sababu ya ulemavu si halali. Aliyeachishwa hivyo apeleke malalamiko kwa Ofisa wa Kazi katika miezi 3.

Mwisho, kila mmoja atunze barua ya kazi, hati za mshahara na cheti cha daktari, tena ajiandikishe kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Maneno matupu husahauliwa upesi, lakini karatasi iliyotunzwa humsemea mwenyewe.