Robota la Hei Lina Kilo Ngapi?

Kiangazi kikikaza, malori ya hei huanza kuonekana kwenye barabara za Arusha, Moshi na Kibaha, yamesheheni marobota hadi juu ya bodi. Swali la kwanza la mfugaji ni bei ya robota. Akishatajiwa, hupatana, hulipa, hushusha mzigo. Ni nadra kuuliza robota lenyewe lina kilo ngapi, na hapo ndipo hela yake inapopotelea.

Robota si kipimo. Mashine ndogo inayovutwa na trekta hufunga robota la mstatili lenye upana wa sentimita 46 na kimo cha sentimita 36 hivi, kwa kuwa ndivyo chemba yake ilivyo. Urefu huamuliwa na anayeiendesha, na wengi huuweka kati ya sentimita 80 na 100. Kukaza nako kumo mikononi mwake: zipo skrubu za kubana njia ya kutokea, na akizilegeza, majani hutoka yamepwaya. Ndiyo maana marobota mawili yanayolingana kwa macho yanaweza kupishana, moja kilo 10, jingine 18. Tena mwenye mashine anayelipwa kwa idadi ya marobota hana sababu ya kukaza. Wakulima wa viazi wanaijua lumbesa, gunia linalofungwa kilemba na kulipwa kama gunia moja. Kwenye hei mambo yamegeuka: anayepunjwa ni mnunuzi.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji chakula kikavu cha asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 10 kwa siku. Hei iliyokauka vizuri bado ina maji ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo atahitaji karibu kilo 12 za hei. Ongeza zile anazokanyaga na kuzimwaga, zifike 13. Kwa siku 90 za ukame, ikiwa hana malisho mengine, hizo ni kilo 1,170.

Kwa marobota ya kilo 15, mfugaji atanunua 78. Kwa ya kilo 10, atanunua 117. Tuseme lile zito linauzwa shilingi 4,500 na lile jepesi 3,500. Mazito yatamgharimu shilingi 351,000, mepesi 409,500. Aliyekimbilia bei ya chini amelipa shilingi 58,500 zaidi kwa chakula kilekile.

Dawa yake ni mizani ya kuning'iniza. Chagua marobota 10 kutoka juu, katikati na chini ya lori, yapime, jumlisha, gawanya kwa 10. Kisha gawanya bei kwa wastani huo, upate bei ya kilo. Hiyo ndiyo ya kujadiliana.

Hata hivyo, uzito nao una hila zake. Robota la kilo 15 lenye maji ya asilimia 25 lina chakula kikavu pungufu kwa kilo moja na nusu kuliko lenye asilimia 15. Hei yenye maji yanayozidi asilimia 20 huota ukungu, hupata joto, na rundo kubwa linaweza hata kuwaka lenyewe. Penyeza mkono katikati ya robota. Ukikuta joto au harufu ya uvundo, liache. Angalia pia ni majani gani. Robota la majani ya mpunga laweza kulingana kwa kilo na la nyasi za Rhodes zilizokatwa zikianza kutoa maua, lakini ng'ombe hatatoa maziwa yaleyale.

Marobota ya duara ya mashamba makubwa hudanganya macho zaidi. Kipenyo kikitoka mita 1.2 hadi 1.5, kimeongezeka kwa robo tu, lakini ujazo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Haya hayakisiwi.

Asiye na trekta anaweza kufunga kwa sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Majani yakishindiliwa vizuri kwa miguu na kufungwa kwa kamba ya katani, hutoka robota la kilo 20 hivi. Ng'ombe wetu atahitaji 59, yanayojaza mita za ujazo 12 na ushei. Banda la mita 3 kwa 3 lenye kimo cha mita 2 litayatosha, na nafasi ya hewa ibaki.

Wafugaji wa kijiji kimoja wakichangia mizani na kununua pamoja mara baada ya masika, hei ikiwa bado nyingi, wanaweza kudai bei ya kilo badala ya robota. Muuzaji akijua wateja wake wanapima, skrubu atazikaza mwenyewe.