Gitaa la Debe

Hata huku Kalemie, mbali sana na Kinshasa, nyimbo za OK Jazz zilifika kwa redio. Lakini jina hilo, Jazz, lilitoka wapi?

Jazz ni muziki uliozaliwa Marekani, katika mji wa New Orleans, kati ya watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Huko alizaliwa Louis Armstrong mwaka 1901, mtoto maskini aliyeachwa na baba yake. Alifundishwa kupiga tarumbeta katika nyumba ya kuadibia watoto, akawa mashuhuri ulimwenguni. Mwaka 1960 alikuja Kongo. Watu wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, walimbeba juu ya kiti kama sultani.

Muziki wa Kongo wenyewe ni rumba. Lakini jina la jazz liliwapendeza watu, hata vikundi vingi vikajiita hivyo. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953. OK Jazz ilifuata mwaka 1956, na kati ya waanzilishi wake alikuwamo kijana wa miaka 17, François Luambo, aitwaye Franco.

Franco alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938. Mama yake aliuza maandazi sokoni Léopoldville. Mtoto alitamani gitaa, lakini fedha za kulinunua zilitoka wapi? Alitwaa debe tupu, akalifungia nyuzi za umeme zilizochunwa. Akapiga karibu na meza ya mama yake. Watu walisimama kumsikiliza, na waliosimama walinunua.

Baadaye Paul Ebengo, aitwaye Dewayon, alimfundisha kwa gitaa la kweli. Mwaka 1949 baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki. Tangu hapo vidole vya Franco vilisaidia kulisha jamaa.

Alikaa na OK Jazz hata kufa kwake mwaka 1989. Mwaka 1987, wengi walipoona haya kuutaja ukimwi, yeye aliutaja wazi katika wimbo «Attention na SIDA», akawaonya wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa wanadamu wote.

Debe lile lilikuwa kitu cha kutupwa. Mtoto aliliokota, akajifunza.

MAULIZO
1. Gitaa la kwanza la Franco lilifanywa kwa vitu gani?
2. Lilimsaidiaje mama yake?
3. Armstrong na Franco walifanana kwa nini?