Raketi kubwa, mpira ukapotelea shambani

Likizo iliyopita nilikwenda Embu kumjulia hali dada yangu. Nilimkuta mpwa wangu, msichana wa sekondari, amenuna. Tangu Angella Okutoyi aliposhinda taji la chipukizi la wachezaji wawili wawili kule Wimbledon mwaka wa 2022, binti huyu hataki kusikia mchezo mwingine ila tenisi. Baba yake alikuwa amemletea raketi mpya kutoka Nairobi, ya bei ya kukausha mfuko. Lakini kila alipopiga, mpira ulivuka uwanja, ukaruka ua na kuangukia sukuma wiki ya jirani.

"Mjomba, mimi sijui kucheza," aliniambia. "Heri niiache tu."

Msomaji, huenda nawe una mtoto wa aina hiyo nyumbani. Kabla hujamwambia aongeze bidii, hebu itazame kwanza raketi yenyewe.

Wazee waliocheza tenisi zamani watakumbuka raketi za mbao. Hazikuchongwa kwa gogo moja kama mwiko. Fundi alichukua vipande vyembamba vya mti wa Ulaya uitwao eshi, akavipinda na kuvigandisha kwa gundi, kimoja juu ya kingine. Seremala wa Meru anayetengeneza viti kwa muuru ataelewa kazi iliyokuwapo hapo. Raketi hiyo ilikuwa na uzito wa karibu gramu 400, na uso wake ulikuwa mdogo, kama inchi mraba 65 au 70. Baada ya mchezo ilibidi ibanwe kwa kibano chenye skurubu, la sivyo unyevu ungeipinda ikawa kama kijiko.

Mbao hazikuondoka kwa siku moja. Mwaka wa 1967 kampuni ya Wilson ilitoa raketi ya chuma cha pua, ambayo Jimmy Connors aliitumia kwa miaka mingi. Kisha akatokea Mmarekani Howard Head, aliyekuwa ametajirika kwa kutengeneza ski za alumini. Alipojaribu kucheza tenisi, mpira ulimsumbua, raketi ikawa inazunguka mkononi. Badala ya kujilaumu, alilaumu raketi! Mwaka wa 1976 kampuni ya Prince ilianza kuuza raketi aliyoibuni yeye, yenye uso wa inchi mraba 110. Watu waliicheka. Mwaka wa 1978 msichana wa miaka 16, Pam Shriver, akaitumia kufika fainali ya mashindano ya Marekani, na kicheko kikaisha.

Baadaye ikaja grafiti, yaani nyuzi nyembamba za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Ni nyepesi kuliko mbao na haipindiki ovyo. Yannick Noah, ambaye alikulia Cameroon, alishinda mashindano ya Ufaransa mwaka wa 1983 akiwa na raketi ya mbao. Hakuna mwanamume mwingine aliyetwaa taji kubwa namna hiyo kwa mbao tangu hapo.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mambo. Mpira hukaa kwenye nyuzi za raketi kwa muda wa sehemu tano hivi za elfu moja za sekunde. Fremu laini hujipinda mpira unapogonga, na kabla haijanyooka mpira umekwisha kwenda zake, kwa hiyo nguvu hiyo hupotea bure. Fremu ngumu haipindiki sana, nguvu nyingi zaidi hubaki kwa mpira. Uso mpana nao huifanya raketi isizunguke mkononi hata ukikosea katikati. Na nyuzi zilizolegea hunyumbuka zaidi, zikaurusha mpira mbali. (Wengi hudhani nyuzi zilizokazwa ndizo zenye nguvu. La hasha, hizo humpa mchezaji nafasi ya kuuongoza mpira.)

Raketi ya mpwa wangu ilikuwa na vyote vitatu: uso mpana, fremu ngumu nene, nyuzi legevu. Mwenye duka alimsifia shemeji yangu kuwa ni "yenye nguvu", naye akalipa.

Huenda Mombasa ingemfaa. Lakini Embu mjini iko takriban mita 1,350 juu ya bahari, na Meru iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya nane, hivyo haiuzuii mpira vya kutosha. Hata kanuni za kimataifa za tenisi zinalitambua jambo hili: panapozidi mita 1,219, inaruhusiwa kutumia mipira maalumu isiyodunda sana.

Kwa hiyo ukimnunulia mtoto wa huku milimani, usiulize ipi ina nguvu. Tafuta uso wa kadiri, kama inchi mraba 100 hivi, na fremu isiyo ngumu kupita kiasi, kwani ngumu mno huumiza kiwiko. Mtoto mdogo anahitaji fupi. Zipo za inchi 19 hadi 26, na ya mtu mzima ni 27. Ukinunua ya mtumba, pitisha ukucha kuizunguka fremu yote. Grafiti haijikunji kama alumini, hupasuka, na ufa mdogo huzidi kukua kila mpira unapogonga.

Hatukununua raketi nyingine. Tulimpelekea fundi, akaweka nyuzi laini za nailoni na kuzikaza kilo mbili zaidi ya zilivyokuwa. Juma lililofuata binti alinipigia simu. Katika mipira kumi, saba ilikuwa imeangukia ndani ya mstari. Ile mitatu iliangukia palepale pa zamani, na jirani amekataa kuirudisha.