Merthyr: timu ya mji wa chuma iliyoifunga Atalanta, ikavunjwa, kisha ikafufuliwa na mashabiki wake

Tarehe 22 Mei 2024, mjini Dublin, Mnigeria Ademola Lookman alifunga mabao matatu peke yake, Atalanta ya Italia ikaichapa Bayer Leverkusen 3-0 na kubeba kombe la Europa League. Bara zima la Afrika lilimpigia makofi. Wachache walikumbuka kwamba miaka 37 kabla ya usiku huo, Atalanta hiyo hiyo ilipigwa na timu ndogo ambayo wachezaji wake walikuwa na kazi zingine za mchana, mazoezi yakifanyika baada ya kazi.

Timu hiyo ni Merthyr Tydfil, ya kusini mwa Wales, nchi ambayo wasomaji wengi wa Congo wanaijua kwa jina la Kifaransa, Pays de Galles.

Ili kuielewa timu, lazima kwanza kuujua mji. Merthyr ilikuwa mji wa chuma na makaa ya mawe. Mwanzoni mwa karne ya 19 hakukuwa na mji mwingine Wales uliokuwa na watu wengi kuushinda. Tanuru za Dowlais, Cyfarthfa na Penydarren zilikuwa zikiyeyusha chuma usiku na mchana. Ni pale Penydarren, Februari 1804, ambapo mashine ya mvuke ya Richard Trevithick ilivuta mabehewa ya chuma juu ya reli, kwa mara ya kwanza katika historia. Uwanja wa timu unaitwa jina hilo hilo, Penydarren Park, na chini ya nyasi zake kulikuwa zamani na ngome ya askari wa Roma. Mashabiki wanajiita Martyrs. Hilo linatokana na jina la mji: Tydfil, kwa simulizi za wenyeji, alikuwa mwanamke Mkristo aliyeuawa kwa ajili ya imani yake.

Klabu ya kwanza, Merthyr Town, ilianzishwa mwaka wa 1908, na mwaka wa 1920 ikaingia katika ligi kuu ya kulipwa ya Uingereza, divisheni ya tatu. Ilidumu miaka kumi tu. Viwanda vilianza kufunga, wanaume wakabaki bila kazi, na mtu asiye na kazi hanunui tiketi. Aprili 1930 timu ilifungwa 10-0 na majirani wao wa Newport County, na msimu ulipokwisha ikatolewa katika ligi. Mwaka wa 1934 ikafa kabisa.

Vita vya pili vya dunia vilipomalizika, mwaka wa 1945, mji ulianzisha klabu mpya, Merthyr Tydfil. Hiyo ilishinda Kombe la Wales mwaka wa 1949 na 1951. Hata John Charles, jitu lililoifungia Juventus mabao mengi na kuchukua ubingwa wa Italia mara tatu, alikuja kuwa kocha na mchezaji pale mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa karibu miaka 40.

Halafu ukaja mwaka wa 1987. Merthyr iliiangusha Newport County katika fainali ya Kombe la Wales: 2-2, kisha 1-0 mechi iliporudiwa. Kulipiza kisasi cha zile 10-0 kulichukua miaka 57, lakini kulikuja. Mshindi wa kombe hilo alikuwa na haki ya kucheza Kombe la Washindi la Ulaya. Wakati huo klabu za Uingereza zilikuwa zimefungiwa Ulaya tangu maafa ya uwanja wa Heysel, Ubelgiji, mwaka wa 1985. Merthyr ilicheza katika ligi za chini za Uingereza, lakini kombe lilikuwa la Wales, kwa hiyo ikapita.

Kura ikawapa Atalanta. Waitalia walikuwa wametoka kushuka hadi Serie B, lakini walikuwa pia wamecheza fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Napoli ya Maradona, na walikuwa na Msweden Glenn Strömberg katikati ya uwanja. Tarehe 16 Septemba 1987 waliingia Penydarren Park. Kevin Rogers alifunga la kwanza. Atalanta ikasawazisha kabla ya mapumziko. Zikiwa zimebaki dakika chache, Ceri Williams akafunga la pili. Merthyr 2, Atalanta 1.

Huko Bergamo, wiki mbili baadaye, Atalanta ilishinda 2-0 na kupita. Ilifika hadi nusu fainali, ikatolewa na Mechelen ya Ubelgiji, ambayo ndiyo ilibeba kombe. Merthyr ilirudi kwenye ligi yake, na mwaka wa 1989 ikapanda hadi divisheni ya tano.

Usiku kama ule hautarudi kwa njia ile. Mwaka wa 1992 shirikisho la kandanda la Wales lilianzisha ligi yake ya taifa na kuziita timu zote nyumbani. Klabu kadhaa, Merthyr ikiwemo, zilikataa: Uingereza ndiko kulikokuwa na wapinzani wakubwa na mashabiki wengi. Jibu lilikuja katikati ya miaka ya 1990: anayecheza Uingereza hatashindania tena tiketi ya Ulaya kupitia Kombe la Wales. Kwa klabu ndogo, hiyo ilikuwa bei kali. Waliohamia ligi ya Wales, mji wao ukiwa mdogo kuliko Merthyr, wameonja Ulaya tangu wakati huo.

Mwaka wa 1995 Merthyr ilishuka tena. Mwaka wa 2009 kiwanda cha mashine za kufulia nguo cha Hoover, kilichokuwa kimeajiri wakazi wa Merthyr tangu 1948, kiliacha kutengeneza. Mwaka uliofuata klabu yenyewe ikavunjwa kwa madeni.

Safari hii watu hawakungoja miaka kumi na moja. Mashabiki, kupitia muungano wao Martyrs to the Max, waliianzisha upya kwa jina la zamani, Merthyr Town, ikiwa mali yao wenyewe. Ilibidi kuanzia divisheni tatu chini, na msimu wa kwanza walihamia uwanja wa Taff's Well, maana Penydarren Park hawakuwa nayo. Walipanda mara mbili mfululizo, wakarudi nyumbani, na mwaka wa 2015 wakapanda tena.

Inafaa kuwalinganisha na Wrexham, ya kaskazini mwa Wales. Ile ilinunuliwa mwaka wa 2021 na waigizaji wawili wa sinema, Ryan Reynolds na Rob McElhenney, ikapanda misimu mitatu mfululizo, na leo jezi zake zinauzwa Marekani. Merthyr haina mwigizaji. Ina wanachama. Ndiyo maana kupanda kwake kunakwenda polepole, na ndiyo maana pia hakuna tajiri anayeweza kuamka asubuhi moja akaiuza.

Msimu wa 2024-2025 Merthyr Town ilitwaa ubingwa wa Southern League, upande wa kusini, na kupanda hadi divisheni ya sita. Kisha wapanga ratiba wakaitia katika kundi la kaskazini, National League North, ingawa mji uko kusini kabisa mwa Wales. Kwa hiyo msimu uliofuata wachezaji na mashabiki walipanda basi kwenda Darlington na South Shields, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kucheza dakika 90, kisha kurudi nyumbani usiku.