Dawa ya usingizi: sababu gani haishiki watu wote sawasawa?

Wachimbaji wawili wanaingia lopitali siku moja, kila mmoja na mguu wenye kuvunjika. Umri sawa, kilo sawa. Mmoja analala mara moja. Mwingine, munganga anamuongezea dawa, na tena anamuongezea. Kule nyumbani watu wanaanza kusema: "Huyu walimuloga," ao "Dawa ilikuwa ya uongo." Mara nyingi jibu ni lingine, na sehemu yake iko mu mafuta.

Si mafuta ya tumbo. Kila seli ya mwili imefungwa na ngozi nyembamba sana ya mafuta, yenye tabaka mbili. Ndani yake mumepandwa protini, sawa milango: inafunguka na kufungwa ili ujumbe upite kutoka seli moja ya ubongo mpaka nyingine.

Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alilalisha mgonjwa kwa eteri mbele ya minganga. Zaidi ya miaka 50 kisha, Hans Meyer na Ernest Overton, kila mmoja kwa upande wake, waliona jambo hili: dawa inayoyeyuka vizuri mu mafuta ya mizeituni njo yenye nguvu ya kulalisha. Halotani inayeyuka sana: karibu asilimia 0,8 mu hewa inatosha ili nusu ya wagonjwa wasijongee wakisikia kisu. Eteri inaomba karibu asilimia 2.

Kwa muda mrefu walifikiri dawa inalegeza ngozi ya mafuta tu. Mwaka 1984, kule London, Nicholas Franks na William Lieb walionyesha kwamba inaweza kushika protini yenyewe, hata pasipo mafuta. Kisha, mwaka 2020, watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba mafuta nayo hayakai bure: dawa inavuruga mafungu yake, na mlango fulani wa seli unafunguka.

Sasa, ngozi hiyo inabadilika kufuata umri, chakula na pombe. Mwaka 1977, Jane Chin na Dora Goldstein walipima panya waliokunyweshwa pombe siku kwa siku: ngozi ya seli zao ilikuwa ngumu kulegezwa. Minganga nao wanaona kwamba muntu anayekunywa lutuku kila siku mara nyingi anaomba dawa nyingi zaidi. Ngozi ya seli si sababu peke yake. Ubongo na maini pia vinazoea, ao vinaharibika.

Lakini anayefika amelewa, kwake dawa kidogo inaweza kuzidi. Wazee pia wanaomba kidogo: kisha miaka 40, kipimo cha dawa ya kuvuta kinashuka karibu asilimia 6 kila miaka kumi. Mama mwenye mimba vilevile.

Basi munganga akiuliza, "Unakunywaka pombe? Ngapi? Unavutaka bangi?", hafanyi kesi. Anatafuta kipimo chako. Kama unaona haya mbele ya bibi ao ya mukwe, omba mubaki wawili tu. Taja pia dawa za kienyeji.

Na ninyi jamaa, musimuletee mgonjwa bukari kwa siri. Kwa kawaida anakaa saa 6 ao zaidi bila chakula. Maji safi, mpaka saa 2 mbele, kama munganga anakubali. Akiwa amelala, chakula kinaweza kupanda na kuingia mu mapafu, na hiyo inaua. Kama ni ajali, semeni wazi: alikula saa ngapi, na alikunywa nini.