Mwimbaji wa Siku Kumi na Mbili

Mtu akitoka Bukavu na kushika njia ya kaskazini, ziwa Kivu likimwandama mkono wa kuume, baada ya mwendo hufika Katana. Hapo akikata kuelekea milima ya Kahuzi huona majumba makubwa yaliyokaa kimya kati ya miti. Mgeni asiyeambiwa aweza kudhani ni seminari, au makao ya mfalme fulani. Mahali hapo paitwa Lwiro. Serikali ya Ubelgiji ilianzisha mwaka 1947 chuo cha utafiti kilichojulikana kwa jina la IRSAC, na Lwiro ndipo palipofanywa makao yake makuu. Wataalamu wakaja: wengine wakapima mitetemeko ya nchi, wengine wakakusanya majani na nyoka, wengine wakachunguza ugonjwa wa watoto wanaovimba kwa kukosa chakula chenye nguvu. Siku hizi chuo kina jina jingine, na tangu mwaka 2002 hapo hutunzwa sokwe walionyang'anywa wawindaji. Lakini leo hatutaki kusimulia habari za sokwe.

Twataka kusimulia habari za mtu mmoja aliyeimba.

Mmoja wa wataalamu walioajiriwa na chuo hicho alikuwa Mbelgiji, jina lake Daniel Biebuyck, aliyeanza kazi mwaka 1949. Yeye hakupima mawe wala majani. Alipewa kazi ya kujua desturi za watu. Alikaa kwa Walega na kwa Wabembe, kisha akaingia kwa Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale, upande wa kaskazini-magharibi ya Lwiro. Wanyanga walikuwa watu wachache, wawindaji na wakulima wa ndizi, na mtu asiyewajua angeweza kupita vijijini mwao asione cha kuandika. Lakini usiku, karibu na moto, walikuwa na hazina.

Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Biebuyck alikutana na mzee wa makamo aliyeitwa Candi Rureke. Watu walimpa sifa ya Shekarisi, maana yake baba wa Karisi. Huyo Karisi, kwa imani ya wazee wa Kinyanga, ni roho ambaye utenzi ni mali yake. Tena hapa ndipo habari yetu inapoanza hasa, kwa sababu Candi Rureke hakuimba kwa kutafuta fedha tu, wala hakuimba kwa kupenda kusifiwa. Alisadiki kwamba Karisi mwenyewe alimtaka aimbe habari za Mwindo, na kwamba kuimba kwake kulikuwa kinga yake: akiimba atakuwa na nguvu, na maradhi na mauti yatakaa mbali naye. Kwa mtu huyo utenzi ulikuwa dawa. Nyamaza, uugue, imba, uishi.

Sisi Wakristo hatumwombi Karisi. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kucheka. Nani kati yetu hakumbuki jinsi mfalme Sauli alivyosumbuliwa na roho mbaya, na jinsi kijana Daudi alivyoletwa na kinubi chake, naye alipopiga mfalme akapata nafuu? Mama ambebeaye mtoto mwenye homa usiku kucha hana kinubi, lakini naye huimba. Na huko Bukavu kwenyewe, katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, wanawake waliojeruhiwa vibaya na watu wa vita wamepata kutunga nyimbo zao wenyewe na kuzitia katika kinasa sauti, na waganga wameihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya matibabu. Basi yule mzee wa Bese hakuwa mjinga.

Sanaa yake hakuipata kwa kuota. Aliipata kama Wanyanga wote walivyoipata, yaani kwa kuwa msaidizi wa mwimbaji mkubwa kuliko yeye. Kijana hufuatana na mwalimu wake kijiji kwa kijiji, hupiga miti, huitikia, husikiliza, hukosea, huambiwa rudia. Hakuna kitabu. Miaka hupita, na siku moja yule msaidizi husimama mwenyewe. Twawaomba wanafunzi wanaotusoma wafikiri jambo hili wanapolalamika kwamba shairi la beti sita ni refu mno kulikariri: utenzi alioubeba Rureke kichwani, ulipopigwa chapa, ulijaza kitabu.

Na uimbaji wenyewe ulikuwa namna gani? Mbele ya watu waliokusanyika, vijana waliketi na mti mkavu uliolazwa juu ya vijiti, wakaupiga kwa fimbo ndogo. Mwimbaji alisimama amefunga njuga miguuni, mkononi akitikisa kibuyu chenye mbegu. Alisimulia, akaimba, akacheza, akaigiza. Akifika mahali shujaa anapopigana, yeye mwenyewe hupigana. Shujaa akitembea, yeye hutembea. Wasikilizaji huitikia nyimbo, na wakipendezwa humtuza kitu kidogo. Wenyeji huwalisha waimbaji vizuri, maana kazi ile hula nguvu za mtu.

Kwa kawaida hakuna aliyesikia utenzi wote kwa mara moja. Usiku huu huimbwa sehemu moja, mwezi mwingine sehemu nyingine, kama watu wanavyotaka. Biebuyck aliomba jambo lisilo la kawaida: kusikia yote, tangu mwanzo hata mwisho. Rureke akakubali. Basi kwa muda wa siku kumi na mbili akaimba, siku baada ya siku, na karani wakaandika kila neno kwa Kinyanga. Ebu fikirini, wasomaji! Hata padre mwenye kuhubiri mafungo hupewa siku chache, naye hapigi njuga.

Habari yenyewe ni ndefu, nasi tutaonja tu. Palikuwa na mwami mmoja, Shemwindo, katika kijiji cha Tubondo, mwenye wake saba. Akapiga marufuku: wake wote wazae mabinti tu, mtoto wa kiume atauawa. Sita wakazaa mabinti. Wa saba, mke mpenzi, mimba yake ikakawia, na mtoto aliye tumboni akawa anamletea mama yake kuni na maji kabla ya kuzaliwa. Hatimaye akatoka, si kwa njia ya watoto wengine, bali kwa kidole cha kati cha mama yake, mkononi ameshika usinga wa mkia wa nyati. Huyo ndiye Mwindo, aliyetembea siku ile ile aliyozaliwa. Baba yake akamrushia mikuki isimpate. Akamzika, akatoka kaburini. Akamtia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ikaelea, na mtoto ndani yake akaimba.

Mwindo akamtafuta shangazi yake Iyangura, akasaidiwa na wajomba zake wahunzi, akapata urafiki na Radi mwenyewe, akarudi Tubondo kwa ushindi. Shemwindo akakimbilia chini ya ardhi, kwa Muisa, bwana wa kuzimu. Mwana akamfuata. Kwenye njia ya kuzimu akakutana na binti wa Muisa, Kahindo, mwenye buba mwili mzima. Mtu mwingine angeziba pua na kupita. Mwindo alimwosha vidonda vyake, naye binti akamwonya juu ya hila za baba yake, asinywe wala asile vitu fulani atakavyopewa. Kwa maonyo hayo shujaa akaokoka.

Sehemu hii ndiyo tunayoipenda kupita zote. Jina Kahindo kwa Wanyanga ni jina la bahati njema, na hao wazee walioitunga hadithi waliiweka bahati ndani ya mwili unaonuka, mlangoni pa kuzimu, ikimngoja mtu atakayekubali kuigusa. Ilikuwa ikiimbwa, kumbukeni, na mtu aliyetafuta afya yake mwenyewe kwa kuiimba.

Na baba mwovu je? Msomaji aliyezoea hadithi za visasi atangoja kuona kichwa kikikatwa. Hakikukatwa. Mwindo akamrudisha baba yake Tubondo, waliokufa wakafufuliwa, na Shemwindo akakiri makosa yake mbele ya watu wote. Viti vitatu vya shaba vikaletwa, kimoja cha baba, kimoja cha mwana, kimoja cha shangazi, na nchi ikagawanywa. Baadaye Mwindo mwenyewe akajivuna, akaua joka lililokuwa rafiki wa Radi. Radi akamchukua mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akiteswa na mvua na jua, na kuonywa aache majivuno. Aliporudi akawapa watu wake sheria za kukaa kwa amani. Shujaa wa Wanyanga, basi, hamalizi safari yake kwa mkuki. Aimaliza kwa kuadibishwa.

Twasema neno dogo juu ya maonyesho, kwa kuwa wasomaji wa mjini hufikiri kwamba msanii hana budi kuwa na ukumbi na taa. Jirani zao Walega wana sanamu ndogo za pembe za ndovu, zilizo laini kwa kupakwa mafuta na kushikwa na mikono ya vizazi vingi. Sanamu hizo zilikuwa mali ya chama chao cha bwami, na zilionyeshwa kwa wenye daraja tu, penye ngoma na mithali. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Biebuyck alichunguza habari zake pia, na leo sanamu za Walega hukaa katika sanduku za vioo huko Ulaya na Marekani. Watu huziangalia, hawazishiki, hakuna anayewachezea. Walega wenyewe walizijua hata kuwa dawa: walikwangua unga kidogo wa pembe, wakautia katika maji, wakampa mgonjwa anywe. Sanamu iliyo ndani ya kioo haiponyi mtu yeyote.

Onyesho la Candi Rureke lilikuwa uwanja wa kijiji, na likaisha siku ya kumi na mbili. Lakini maneno yalibaki. Miaka ilipita, Kongo ikapata uhuru mwaka 1960, Biebuyck akawa mwalimu katika vyuo vikuu vya Marekani. Hapo ndipo yapasa kumtaja Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha, naye Mnyanga kwa kuzaliwa, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi za Afrika mjini Kampala. Wawili hao walishirikiana kuyatengeneza maandiko yale, na mwaka 1969 kitabu kikatoka katika chuo kikuu cha California, Kinyanga pamoja na Kiingereza. Wanafunzi wasiojua Walikale iko wapi wamekisoma. Maneno ya mzee wa Bese yalivuka bahari ambayo yeye hakuwa na haja ya kuivuka.

Je, ni faida tupu? Hatuwezi kusema hivyo. Kitabu hakina njuga. Hakina jasho, wala kicheko cha mama aliyeketi nyuma. Na nchi yenyewe ya Wanyanga imepata majanga makubwa: mwaka 1993 vita vya kikabila vililipuka Walikale na kuenea hata Masisi, na baada ya hapo vikaja vita juu ya vita. Watu wanaolala porini kwa hofu hawawashi moto wa kusimulia. Kijana anayekimbia na godoro kichwani hawi msaidizi wa mwimbaji. Kwa hiyo twashukuru kwamba karani waliandika, ijapokuwa twajua walichoandika ni kama majani ya chai yaliyokauka, yanayongoja maji ya moto.

Tena lipo jambo moja katika kitabu hicho lililotufurahisha sana. Rureke alipokuwa akiimba hakujificha nyuma ya Mwindo. Mara kwa mara aliingiza maneno yake mwenyewe kati ya nyimbo, juu ya nafsi yake na juu ya watu waliokuwa mbele yake. Basi kuna mahali ambapo shujaa yuko njiani na wimbo umepamba moto, na mwimbaji amgeukia yule aliyeketi na kalamu, anayejitahidi kumfuata, akamwambia karani aendelee mbele.