Mikono inayopita ubavuni mwa shoferi

Kwenye parseli za Kamalondo, mashini kubwa haina pa kupita. Komini hii ni ya zamani, ilipangwa enzi za ukoloni kwa wafanyakazi Waafrika wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa avenyu zilizonyooka na viwanja vidogo. Leo mtu akibomoa chumba cha uani, lori linangoja barabarani. Kifusi kitatolewa kwa toroli na beleshi, au kwa ile mashini fupi ya magurudumu manne ambayo watu huiita Bobcat hata ikiwa imetoka kiwanda kingine.

Ilizaliwa kwa ajili ya mahali pa kubanana. Mwaka 1957, karibu na Rothsay, Minnesota, mafundi wawili, ndugu Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashini ya kuzoa samadi ndani ya banda lenye nguzo nyingi. Hiyo ilikuwa na magurudumu matatu. Mwaka 1960 kampuni ya Melroe ikatoa ya manne, M-400. Magurudumu hayo hayapindi kona. Ya kushoto yameunganishwa pamoja, na ya kulia vivyo hivyo. Upande mmoja ukizunguka kwa kasi kuliko mwenzake, mashini inajiburuta na kugeuka papo hapo. Kwa hiyo mtoto aliyesimama nyuma yake, akidhani yuko mbali na ndoo, anaweza kugongwa na mkia kabla hajavuta mguu.

Shoferi mwenyewe ameketi penye hatari zaidi. Mikono ya chuma inayoinua ndoo hupanda na kushuka ubavuni mwake, karibu na mabega. Mlango uko mbele: anaingia kwa kukanyaga ndoo na kutoka njia hiyohiyo. Goti likigusa kanyagio au mkono ukishika wenzo wakati anatoka, mikono ile inashuka naye akiwa katikati. Mwaka 1998 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilitoa onyo kuhusu vifo vya namna hii: watu waliobanwa kati ya mikono au ndoo na bodi, na wengine waliopinduliwa.

Kinga ipo. Ni pau ya chuma inayoshushwa mapajani. Ikiinuliwa, mikono inajifunga. Mashini nyingi za kabla ya miaka ya 1980 hazina pau hiyo. Nyingine zinayo, lakini swichi yake ilikufa na fundi akaipita kwa waya ili kazi isilale. Waya huo naomba ukatwe, hata kama mwenye mashini anasubiri langoni. Kuujua ni rahisi: ndoo ikiwa chini na injini inanguruma, kaa kitini, inua pau, kisha jaribu wenzo polepole. Mikono ikisogea, zima. Swichi itengenezwe kabla ya kitu kingine chochote. Na vile vyuma vya wavu vya pembeni, vilivyong'olewa ili shoferi apate hewa, virudishwe.

Kwenye mteremko, hasa baada ya mvua za Novemba kulainisha udongo, fikiria uzito ulipo. Ndoo ikiwa tupu, uzito mwingi uko nyuma, penye injini; ikijaa, unahamia mbele. Upande mzito ndio unaoelekea juu. Basi panda kinyumenyume ukiwa mtupu, panda kwa mbele ukiwa na mzigo, na ndoo ibaki karibu na ardhi.

Halafu kuna mipira ya oili, ambayo kwa mashini kuukuu hupasuka taratibu. Presha iliyomo hupita mara hamsini ile ya tairi la gari dogo. Tundu jembamba kama sindano hurusha uzi wa oili usioonekana, na uzi huo hupenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kiganja. Pitisha kipande cha katoni. Aliyepenywa ataona kidonda kidogo tu, pengine bila maumivu makali, lakini anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, ndani ya saa chache, na amwambie kwamba ni oili.